Ufa Haukosi Chanzo: Tujifunze Kusoma Vipande Kabla ya Kuviunga

Bibi mmoja alikuja kliniki ya meno niliyokuwa nikifanya kazi, amefunga kitu katika pindo la khanga yake. Kabla sijamkaribisha kuketi alikwisha kusema: "Daktari, safari hii sikuyaangusha." Akafungua fundo na kutoa meno yake ya bandia ya taya la juu, yamepasuka katikati, vipande viwili vilivyokaribia kulingana. Ilikuwa mara ya tatu. Katika jalada lake nilikuta kumbukumbu za mara mbili za kwanza, kila moja mstari mmoja: meno yamevunjika, yameungwa, mgonjwa ameshauriwa kuyatunza.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi. "Ameshauriwa kuyatunza" ni kauli ya upole, lakini maana yake ni hukumu: kosa ni la mgonjwa. Bibi yule alikuwa amekwisha kuielewa hukumu hiyo, ndiyo maana alianza kujitetea kabla hajaulizwa neno. Nasi hatukuwa tumechunguza chochote. Hatukupima, hatukupiga picha, hatukujiuliza kwa nini chombo kilichotengenezwa ili kitumike kwa miaka kilipasuka mara tatu mahali palepale. Kitu kikivunjika mara tatu kwenye mstari uleule, bahati mbaya si maelezo ya kutosha tena.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kuvunjika kwa vifaa vya plastiki tunavyowapa wagonjwa, yaani meno ya bandia, miguu ya bandia, vishikizo vya vifundo na vikombe vya nyonga, ni jambo linaloweza kutabiriwa kwa kiasi kikubwa. Kwamba elimu ya utabiri huo ipo na imekomaa. Na kwamba kuiacha mikononi mwa wahandisi peke yao ni uzembe ambao gharama yake inalipwa na wagonjwa. Wengi wetu katika taaluma za afya tulifundishwa kupima nguvu ya mata kwa swali moja tu: inahimili kiasi gani? Swali linalofaa ni refu zaidi: inahimili kiasi gani ikiwa na mkato, ikivutwa, ikipindwa na kusokotwa kwa pamoja, mara laki kadhaa, ndani ya mate yenye joto la mwili?

Tuanze na mkato, kwa maana ndio mzizi wa jambo lenyewe. Mwendee mwuza vitambaa umwambie akupimie mita tatu za shuka. Hatakata upana wote kwa mkasi. Atakata upindo tu, kadiri ya upana wa ukucha, kisha atashika pande mbili na kuchana kwa mkupuo mmoja. Kitambaa ambacho vijana wawili wangevutana nacho bila kukitatua huachia mikononi mwa mtu mmoja. Mwuzaji hakuongeza nguvu; alichagua mahali ambapo nguvu itarundikana.

Mwaka 1913 mhandisi wa Uingereza Charles Inglis aliiweka hekima hiyo katika hesabu. Alionyesha kwamba mkazo kwenye ncha ya mkato huzidi mkazo wa bamba zima kwa kiasi kinachotegemea mambo mawili: kina cha mkato na wembamba wa ncha yake. Chukua mkato wenye kina cha milimita 4. Ikiwa ncha yake ni mviringo wenye nusukipenyo cha milimita 1, mkazo pale nchani hukaribia mara 5 ya mkazo wa kawaida. Ukiifanya ncha iwe kali zaidi, nusukipenyo robo ya milimita, unapata mara 9. Ikiwa chombo cha fundi kimeacha ncha kali ya milimita 0.04, unapata mara 21. Hayo ni makadirio ya bamba bapa, na kaakaa la mwanadamu si bamba bapa. Lakini funzo lenyewe halibadiliki. Kina cha mkato ni kilekile katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni ukali wa ncha, jambo ambalo fundi mwenye msasa na subira anaweza kulirekebisha kwa dakika chache.

Meno ya bandia ya taya la juu yana mkato wa lazima. Kati ya mdomo wa juu na ufizi kuna kijinyama chembamba, ambacho msomaji anaweza kukigusa kwa ncha ya ulimi akiupitisha mbele ya meno yake ya juu. Ukingo wa meno ya bandia hauna budi kukatwa kidogo mahali hapo ili usikichubue. Mkato huo huangukia katikati kabisa ya ukingo, na mara nyingi ndiko ufa unakoanzia. Meno ya bibi yule yalikuwa na mkato wenye umbo la ncha ya mshale: mrefu, mwembamba na mkali.

Hata hivyo, hesabu ya Inglis ilizaa kitendawili. Ikiwa mkazo hukua kadiri ncha inavyokuwa kali, basi ufa halisi, ambao ncha yake haina unene wa kupimika, ungepaswa kuvunja kila kitu kwa mguso mdogo. Sivyo ilivyo, vyombo vyenye nyufa vinatumika kila siku majumbani mwetu. Mwaka 1921 A. A. Griffith, aliyekuwa akichunguza vioo, alitoa jibu kwa njia ya nishati: ufa hukua pale tu ambapo nishati inayofunguliwa na mata iliyokazwa inatosha kulipia gharama ya kuunda nyuso mbili mpya. Mwaka 1957 George Irwin wa Marekani aliigeuza fikra hiyo kuwa kipimo ambacho mhandisi anaweza kukitumia mezani, na tangu hapo kila mata imekuwa na sifa inayoitwa ukinzani dhidi ya ufa, ambayo ni tofauti kabisa na nguvu yake ya kawaida.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwetu. Akriliki ya meno ya bandia, ambayo imetumika katika taaluma yetu tangu miaka ya 1930, inatakiwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 20795-1 kuhimili mkazo wa kupindwa usiopungua megapaskali 65 kwa aina zake nyingi. Ukinzani wake dhidi ya ufa, lakini, ni mdogo: kwa kawaida kati ya 1 na 2 katika kipimo cha megapaskali kwa kipeuo cha pili cha mita. Tukichukua 1.5 na kufanya hesabu ya Irwin kwa ufa wa ukingoni wenye urefu wa milimita 1, tunapata kwamba kipande hicho kitavunjika kwenye mkazo wa megapaskali 24 hivi. Ufa wa milimita moja, ambao jicho la mtu mwenye shughuli nyingi halitauona, umeondoa karibu theluthi mbili ya nguvu tuliyokuwa tukiitegemea. Mgonjwa hakufanya lolote la ajabu, alikula tu.

Sasa tuje kwenye mizigo. Katika maabara kipande laini cha akriliki huwekwa juu ya nguzo mbili, kikakandamizwa katikati mpaka kivunjike. Ni jaribio zuri na la haki, na hufanywa ndani ya maji yenye joto la nyuzi 37. Lakini mdomo hauna adabu ya maabara. Kadiri miaka inavyopita baada ya meno kung'olewa, mfupa ulioyashikilia huyeyuka na kupungua pande zote mbili, ilhali mstari wa katikati ya kaakaa hubaki mgumu kama ulivyokuwa. Meno ya bandia yaliyokuwa yameketi sawasawa sasa yanaegemea katikati kama ubao wa pembea. Kila tonge likitafunwa, meno ya chini husukuma pande mbili kwenda juu, katikati hukataa, na uso unaoelekea ulimi huvutwa. Mgonjwa akitafuna upande mmoja tu, kama wengi wafanyavyo, msokoto huongezeka. Aking'ata hindi la kuchoma kwa meno ya mbele, mpindo wa namna nyingine hujitokeza. Mambo yote hayo hukutana penye mkato.

Watoto wa mashambani wanaijua nguvu ya mchanganyiko huo. Muwa mgumu haukatiki kwa kuvutwa, na kuukunja juu ya goti ni kazi. Lakini utie mkato kidogo kwa kisu, kisha uukunje huku ukiusokota, nao huachia mara moja. Mizigo miwili ambayo kila mmoja peke yake ungestahimilika, ikija pamoja penye mkato, haistahimiliki.

Namna ya kutabiri kuvunjika chini ya mizigo mchanganyiko ilipata msingi wake mwaka 1963, pale Fazil Erdogan na George Sih walipochapisha kanuni rahisi: ufa hufuata mwelekeo ambao mkazo wa kutenganisha ni mkubwa kuliko kote. Wakaijaribu kwa mabamba ya Plexiglas, yaani akriliki ya jamii ileile inayotengenezewa meno ya bandia. Kwa mujibu wa kanuni yao, ufa unaosukumwa kwa nguvu ya kuteleza tu, mithili ya mapanga mawili ya mkasi, hauendelei mbele. Hugeuka kwa takriban nyuzi 70 kutoka katika njia yake. Ukivutwa moja kwa moja, huenda moja kwa moja. Mizigo ikichanganyika, hugeuka kwa kiasi cha mchanganyiko wenyewe.

Msomaji asilipite jambo hili upesi, kwa sababu ndilo linalotuhusu zaidi sisi tusio wahandisi. Ikiwa njia ya ufa hutegemea mizigo iliyouzaa, basi kipande kilichovunjika ni shahidi. Ufa ulionyooka kutoka kwenye mkato hadi nyuma ya kaakaa husema habari moja. Ufa unaokwenda mshazari kuelekea upande wa kutafunia husema nyingine. Kipande kilichopasuka vipandevipande bila kufuata mkato husema kwamba pengine kweli kilianguka sakafuni. Ushahidi huo unatufikia mkononi, umefungwa katika pindo la khanga. Nasi tunafanya nini? Hatua ya kwanza ya kuunga meno yaliyovunjika ni kusaga kingo za vipande ili akriliki mpya ishike. Kwa maneno mengine, tunamnyamazisha shahidi kabla ya kumhoji, kisha tunaandika kwamba mgonjwa ameshauriwa.

Kati ya tundu la mviringo, ambalo hesabu ya Inglis inalitosheleza, na ufa mkali, ambao hesabu ya Irwin inautosheleza, kulikuwa na pengo kwa muda mrefu: mikato halisi, yenye umbo la V au la U, yenye ncha isiyo kali sana wala butu sana. Kwa hiyo wataalamu walikuja na wazo ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa: usiangalie mkazo kwenye nukta moja, bali pima wastani wake katika eneo dogo mbele ya ncha. David Taylor wa Dublin, ambaye amefanya utafiti juu ya mifupa pia, alikiweka kitabu kizima juu ya njia hiyo mwaka 2007. Paolo Lazzarin wa Italia na wenzake walipima wastani wa nishati badala ya mkazo. Huko Tehran, Majid Ayatollahi na Ali Reza Torabi walivunja vipande vingi vya akriliki yenye mikato, chini ya mchanganyiko wa kuvuta na kutelezesha, na utabiri wa namna hii ukakaribiana vyema na vipimo vyao. Hatuzungumzi, basi, juu ya ndoto ya siku zijazo. Tunazungumza juu ya elimu iliyokwisha kuchapishwa, kuhusu mata ileile iliyomo vinywani mwa wagonjwa wetu.

Nakiri kwamba polima si chuma, na atakayeichukua hesabu ya chuma na kuipachika kwenye plastiki bila tahadhari atajidanganya. Polima hunyooka polepole chini ya mzigo wa kudumu, hulainika kwa joto na kuwa mnato zaidi, hunywa maji, hutofautiana kitabia kati ya kuvutwa taratibu na kupigwa ghafla. Zaidi ya hayo, huchoka. Tuseme mtu hutafuna mara 400 kwa kila mlo, kwa milo mitatu. Hizo ni mara 1,200 kwa siku, takriban 438,000 kwa mwaka. Mzigo ambao usingeweza kuvunja kitu kwa mara moja unaweza kuusogeza ufa kwa kiasi kisichoonekana kila tonge linapotafunwa, hadi siku ambayo wali laini unatosha kumaliza kazi iliyoanzwa na mhindi mkavu. Ndiyo maana mgonjwa husema kwa mshangao, "Nilikuwa nakula wali tu," nasi tunatabasamu kana kwamba anaficha jambo. Hafichi. Tukio la mwisho si lazima liwe ndilo chanzo.

Nimeanza na meno kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini hatari kubwa zaidi ipo miguuni. Mtu akivunjikiwa meno hupata aibu na njaa. Akivunjikiwa mguu wa bandia katikati ya barabara anaweza kupoteza maisha. Katika nchi nyingi za kipato kidogo miguu ya bandia hutengenezwa kwa polipropilini, kwa teknolojia iliyoendelezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ni mata nzuri: nyepesi, nafuu, haiozi, hufinyangwa kwa joto. Lakini kikombe kinachopokea kigutu hukatwa kingo zake kwa msumeno, hutobolewa kwa ajili ya ribiti na mikanda, na kila alama ya msumeno isiyolainishwa kwa msasa ni mkato mdogo unaosubiri. Fundi mzoefu huijua dalili: plastiki hugeuka nyeupe penye mpindo kabla ya kupasuka. Weupe huo ni taarifa; mgonjwa aliyefundishwa kuutambua atarudi kliniki kwa miguu yake badala ya kurudishwa akiwa amebebwa.

Katika eneo hili la miguu wahandisi wametutangulia kwa hatua moja ya busara. Kiwango cha ISO 10328 cha kupima miguu ya bandia hakitumii mzigo wa kuvuta au kukandamiza peke yake. Nguvu moja hupitishwa nje ya mhimili wa kiungo, kwa namna inayozalisha mkandamizo, mpindo wa mbele na wa pembeni, na msokoto, vyote kwa wakati mmoja. Kisha hurudiwa mara milioni 3. Idadi hiyo huonekana kubwa mpaka uihesabu. Mtu anayeukanyagia mguu wake wa bandia mara 3,000 kwa siku huimaliza kabla miaka mitatu haijatimia. Mkulima anayepanda na kushuka matuta, au mchuuzi anayetembeza bidhaa kutwa, huimaliza mapema zaidi. Je, vijalada vyetu huonyesha mgonjwa anatembea kiasi gani kwa siku? Au huandika uzito na urefu tu?

Upo mfano mwingine unaopaswa kutufundisha unyenyekevu. John Charnley, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alianza kuweka vikombe vya politheni yenye molekuli ndefu mno katika nyonga za bandia mwaka 1962, baada ya plastiki aliyoitumia mwanzo kulika haraka mno. Miongo kadhaa baadaye wataalamu waliiimarisha politheni hiyo kwa mionzi ili isilike zaidi, na kweli ulaji ukapungua sana. Lakini tiba hiyohiyo ilipunguza ukinzani wake dhidi ya ufa, na baadhi ya vikombe vikaripotiwa kupasuka kwenye ukingo, karibu na vijimikato vya kufungia kikombe katika ganda lake la chuma. Sifa moja ilinunuliwa kwa bei ya nyingine, na deni lilidaiwa penye mkato. Mfano huo unatuonya dhidi ya kudhani kwamba mata mpya na ghali huondoa haja ya kufikiri.

Najua pingamizi zitakazotolewa, nazo zina uzito wake. Ya kwanza ni ya gharama: hatuna mashine za kupimia mizigo mchanganyiko, na wahandisi wanaojua hesabu hizi ni wachache. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya faida haihitaji mashine. Kuviringisha ncha ya mkato kunahitaji kekee yenye kichwa cha mviringo na msasa. Kupiga picha kipande kabla ya kukisaga kunahitaji simu ambayo kila mmoja wetu anayo mfukoni. Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea hayaagizwi kutoka ng'ambo.

Pingamizi la pili ni la kitabibu, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mkato wa meno ya bandia haukuwekwa kwa mapambo. Ukiufanya mfupi mno au ukiujaza, kijinyama cha mdomo kitachubuka na mgonjwa atapata kidonda. Ukiufanya mpana mno, hewa itapenya na meno yataanguka akicheka. Ni kweli. Hakuna anayesema mkato uondolewe. Ninachosema ni kwamba kati ya mkato wenye ncha ya mshale na mkato wenye ncha ya duara, vyote vikiwa na kina kilekile kinachomtosha mgonjwa, tofauti ya mkazo inaweza kuwa mara mbili au zaidi, na hakuna kidonda kinachoongezeka. Panapokuwa na shaka, unene wa akriliki nyuma ya mkato unaweza kuongezwa.

Pingamizi la tatu husema kwamba wagonjwa kweli huangusha vifaa vyao, huviosha kwa maji yanayochemka, hupasua njugu kwa meno ya bandia. Bila shaka wapo. Lakini hatuwezi kumjua nani ni nani kwa kukisia. Kipande chenyewe kitatuambia, tukikitazama. Kumtuhumu mgonjwa bila kutazama ushahidi ulio mkononi mwetu si utabibu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matano, na ninayatoa kwa wakuu wa idara, walimu na mafundi sanifu wa nchi yetu.

La kwanza, kila kifaa kilichovunjika kipigwe picha na kuchorwa njia ya ufa wake kabla ya kuguswa na chombo cha kusagia, na maelezo ya mgonjwa yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya miaka miwili kliniki moja itakuwa na hazina ambayo hakuna maabara ya ng'ambo inayoweza kutuuzia.

La pili, kuunga kusiwe mwisho wa kazi. Ufa ukirudi mahali palepale, chanzo kitafutwe: je, mfupa umepungua na meno yanapembea juu ya kaakaa? Je, mgonjwa hutafuna upande mmoja kwa sababu ya jino bovu la chini? Je, mkato ni mkali? Methali yetu hutuambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Ni usia mwema, lakini mjenzi mzuri huuliza pia kwa nini msingi umetitia. Asipouliza, ataziba kila mwaka.

La tatu, mikato tunayoitia wenyewe bila lazima ikomeshwe. Katika baadhi ya sehemu jina au namba ya mgonjwa huchongwa kwenye meno ya bandia ili yasipotee wodini. Nia ni njema, ila herufi iliyochongwa kwa ncha kali ni mkato kamili. Jina liandikwe kwenye karatasi nyembamba, lifunikwe kwa akriliki angavu, na liwekwe mbali na mstari wa katikati.

La nne, mitaala ya udaktari wa meno, ya viungo bandia na ya upasuaji wa mifupa iwe na saa chache za somo la kuvunjika kwa mata, likifundishwa kwa vipande halisi badala ya milinganyo mitupu. Hatuanzi patupu. Moshi kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, ambacho kimewafunza wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Vyuo vyetu vikuu vina idara za uhandisi. Kati ya majengo hayo kinachotenganisha ni desturi ya kutotembeleana. Mwanafunzi wa uhandisi anayetafuta mada ya tasnifu na daktari mwenye sanduku la vipande vilivyovunjika wanahitajiana kuliko wanavyojua.

La tano, tuwape wagonjwa elimu badala ya lawama. Waambiwe kwamba mstari mweupe kwenye plastiki ni dalili, kwamba meno ya bandia yanayopembea yarudishwe kabla hayajavunjika, na kwamba kurudi mapema si usumbufu. Mgonjwa anayeogopa kukaripiwa atafika akiwa na vipande viwili. Anayeaminiwa atafika akiwa na ufa wa milimita moja.

Nimrudie bibi. Siku ile sikumuungia meno yake upesi kama alivyotarajia. Nilimwomba aketi, nikavitazama vipande chini ya taa, nikavipiga picha. Ufa ulianza kwenye ncha ya mkato na kwenda moja kwa moja nyuma, bila alama ya pigo popote. Kinywani mwake mfupa ulikuwa umepungua pande zote mbili, na meno, nilipoyashikilia mahali pake, yalipembea. Nikamwambia: "Bibi, umesema kweli. Hukuyaangusha. Yalikuwa hayakukai vizuri, na sisi hatukuliona hilo." Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba nyumbani wajukuu walikuwa wakimtania kuwa ni mzembe.

Tulimtengenezea meno mapya, mkato umeviringishwa, mahali pa katikati pamelegezwa ili yasiegemee kaakaa. Sikumwahidi kwamba hayatavunjika kamwe. Hakuna mhandisi wala tabibu mwaminifu anayeweza kuahidi hivyo kuhusu plastiki iliyo kinywani mwa binadamu. Nilimwahidi jambo lililo ndani ya uwezo wetu: kwamba yakivunjika tena, tutaanza kwa kuvitazama vipande. Naamini kila mgonjwa anayeingia mlangoni mwetu na kitu kilichofungwa katika pindo la khanga anastahili ahadi hiyo.